Mkono Uliolegea, Mkono Uliokaza: Kupima Misuli Baada ya Kiharusi

Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wakazi wa Nangina na sehemu jirani za Samia



Watu wanapoitwa kuzungumziwa kiharusi, kwa kawaida huambiwa jinsi ya kukikwepa. Wapunguze chumvi, waache sigara, wapime presha. Ushauri huo bado ni wa lazima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Wahudumu wa afya ya jamii waliokabidhiwa mikoba yao kuanzia mwaka 2023 wana mashine ya kupima presha, na asiyejua presha yake hana haja ya kusubiri augue.

Lakini mazungumzo haya yanawahusu watu wengine. Yanawahusu wale ambao kiharusi kiliwapata, wakafikishwa hospitali, wakanusurika, kisha wakarudishwa nyumbani Nangina, Funyula au Sio Port wakiwa na upande mmoja wa mwili usiofanya kazi. Familia hushukuru kwamba mtu wao yu hai. Siku zinapita, na mkono ule unaanza kubadilika. Mwanzoni ulikuwa umelegea, ukiuinua unaanguka. Baada ya wiki kadhaa unajikunja kwenye kiwiko, kiganja kinafumba, kidole gumba kinajificha ndani ya vile vingine. Mguu nao unanyooka kama mti, na kisigino kinakataa kugusa chini.

Nyumba nyingi huyaona mabadiliko haya bila mtu yeyote kuwaeleza maana yake. Wapo wanaosema nguvu zinarudi. Wapo wanaosema mgonjwa amekuwa mkaidi, hataki tu kufungua mkono. Wapo wanaonong'ona kuhusu jirani. Kila jibu kati ya hayo lina hasara yake, kwa sababu linamfanya mtu akae nyumbani katika miezi ile ambayo angepaswa kupimwa.

Jambo lenyewe lina maelezo. Kila msuli wa mwili, hata mtu akiwa amepumzika, huwa na mkazo kidogo ndani yake. Fikirini kamba ya kuanikia nguo. Ikilegea sana, nguo zinaburuta chini. Ikikazwa kupita kiasi, inakatika au inang'oa nguzo. Mtu mwenye afya ana mkazo wa kadiri: ukimshika mkono na kuukunja, unakunjika kwa ulaini, lakini hauanguki kama mzigo. Mkazo huo si sawa na nguvu. Mkono unaweza kukaza kama mpini wa jembe na bado mwenyewe asiweze kuinua kikombe cha chai. Wanaosema ngumi iliyofumba ni dalili ya nguvu kurudi wanachanganya vitu viwili tofauti, na kosa hilo ndilo linalopatikana zaidi majumbani.

Kwa nini mkono uliokuwa umelegea ukaze? Ndani ya uti wa mgongo mna utaratibu wa kulinda misuli. Msuli ukivutwa ghafla, uti wa mgongo huuamuru ujikaze mara moja, hata kabla ubongo haujajua. Daktari anapogonga chini ya goti kwa nyundo ndogo ya mpira na mguu ukaruka, anautazama utaratibu huo. Utaratibu huu ni kama mbwa wa mlinzi, na ubongo ndio mwenye nyumba anayemwambia atulie. Kiharusi kinapoharibu sehemu ya ubongo, au njia zinazotoka humo, amri ya kumtuliza mbwa hupotea. Siku za kwanza kila kitu huzimia, mbwa naye kimya, na ndiyo maana mkono unalegea. Baadaye mbwa huamka, lakini hakuna wa kumkanya. Humfokea kila anayepita. Na kama ilivyo kwa mbwa yeyote, anayepita polepole huenda akaachwa, ila anayekimbia hufukuzwa.

Tabia hiyo ya kukasirishwa na mwendo wa haraka ndiyo alama ya ukazaji huu. Mwaka 1980 daktari wa neva wa Australia, James Lance, aliandika maelezo ambayo bado yanatumika duniani: kwamba mkazo wa aina hii huongezeka kadiri msuli unavyovutwa kwa kasi. Hilo pekee lingejulikana katika kila boma, mikono mingi ingenusurika.

Si kila aliyepata kiharusi hukaza. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha ni kama mtu mmoja kwa kila wanne, na idadi hupanda kwa wale ambao mkono au mguu ulipooza tangu mwanzo. Wengine hubaki wamelegea kwa muda mrefu. Wengine hulegea begani na kukaza vidoleni kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hakuna anayeweza kumwangalia mgonjwa akiwa mlangoni na kusema ana hali gani. Lazima ashikwe na apimwe.

Mkono uliolegea ndio hupuuzwa zaidi, kwa kuwa haulalamiki. Bega la binadamu limeshikiliwa na misuli kuliko linavyoshikiliwa na mifupa. Misuli ikilegea, uzito wa mkono wenyewe huanza kuvuta mfupa utoke kidogo katika mahali pake. Ukigusa juu ya bega unaweza kuhisi kijishimo ambacho hakipo upande wa pili. Sasa aje mtu mwenye nia njema, amshike mgonjwa mkono huo huo uliopooza, amvute ainuke kitandani. Bega linaumia, na maumivu hayo yanaweza kukaa miezi. Mgonjwa ataanza kuukumbatia mkono, atakataa kuguswa, na mazoezi yatasimama.

Hapa vijana wa boda boda wasikilize vizuri. Jina la kazi yao lilizaliwa katika mpaka huu huu wa Busia, kwenye baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kutoka upande mmoja hadi mwingine, na hadi leo wao ndio ambulensi ya vijiji vingi. Anayembeba mtu aliyepooza asimwinue kwa mkono wala kwa kwapa la upande ule mgonjwa. Ashikwe kiunoni na mgongoni, watu wawili wakiwapo ni bora. Mkono uliolegea usiachwe ukining'inia pembeni ya pikipiki, ukirushwarushwa na mashimo ya barabara. Uwekwe mapajani mwake, au ufungwe kwa leso mbele ya kifua kwa muda wa safari tu, kisha ufunguliwe akifika. Atakayeketi nyuma yake amshike mwili. Na gari likipatikana, gari ni afadhali.

Nyumbani, mkono huo ukae juu ya mto au blanketi lililokunjwa kila mgonjwa anapoketi. Akilala, usiachwe chini ya mwili.

Sasa upimaji wenyewe. Mtaalamu wa fiziotherapia haanzi kwa kuvuta. Huanza kwa kutazama: mgonjwa ameketi vipi, mkono umelala wapi, uso unakunjamana akiguswa? Huuliza maumivu yako wapi, usingizi ukoje, choo kikoje. Kisha humlaza chali, kichwa kikiwa kimenyooka, na kumwomba apumzike. Mkao una maana kubwa. Mtu yule yule akipimwa ameketi, kichwa kimegeuzwa upande, baridi ya asubuhi ikimchoma, anaweza kuonekana amekaza kuliko alivyoonekana jana mchana akiwa amelala. Ndiyo sababu mtaalamu mzuri hupima kwa mkao ule ule kila mara, na ikiwezekana saa zile zile, na huandika alivyofanya.

Hapo ndipo anaposhika kiungo, kwa mfano kiwiko, na kukinyoosha polepole hadi mwisho. Mwendo huu wa kwanza humwambia kiungo kinafika wapi kama mbwa hajaamshwa. Kisha hukinyoosha tena kwa kasi, na kusikiliza kwa mikono yake. Mara nyingi kuna mahali ambapo mkono hukwama ghafla, kama mlango uliogonga jiwe, halafu huachia. Mwendo wa haraka haurudiwi mara nyingi, kwa sababu msuli ukivutwa tena na tena hulainika kwa muda na kumdanganya mpimaji.

Kipimo kinachotumika zaidi hospitalini kilianza na daktari Bryan Ashworth mwaka 1964. Hakukusudia wagonjwa wa kiharusi. Alikuwa anajaribu dawa kwa watu wenye ugonjwa mwingine wa neva, multipo sklerosisi, akahitaji njia rahisi ya kuandika misuli imekaza kiasi gani. Mwaka 1987 Wamarekani wawili, Richard Bohannon na Melissa Smith, walikirekebisha kwa kuongeza daraja moja katikati, wakakijaribu kwa wagonjwa 30 kwenye kiwiko. Madaraja yake huanzia 0 hadi 4. Sifuri ni kwamba mkazo haujaongezeka. Moja ni ukinzani mdogo, mkono unakwama na kuachia, au unakaza kidogo mwishoni. Moja na alama ya kujumlisha ni kwamba ukishakwama, ukinzani mdogo unaendelea katika sehemu iliyobaki, isiyofika nusu ya safari. Mbili ni mkazo wa wazi karibu njia nzima, ingawa kiungo bado kinasogezwa bila shida. Tatu, kukisogeza ni kazi. Nne, kimeganda, hakiendi.

Anayeona nambari hizi kwenye kadi ya mgonjwa wake ajue mambo mawili. La kwanza, sifuri haimaanishi mzima. Kipimo hiki kinahesabu mkazo uliozidi tu, hakina nafasi ya mkazo uliopungua. Mkono uliolegea kabisa na mkono wa mtu mwenye afya vyote huandikwa sifuri. Kwa hiyo mtaalamu makini akikuta mkono umelegea huandika hivyo kwa maneno, kando ya nambari. Familia ikiona sifuri pekee na mkono bado unaanguka kama gunia, iulize. Kuuliza si utovu wa adabu.

La pili, nambari haitofautishi mbwa na mnyororo. Kiungo kinaweza kukataa kunyooka kwa sababu neva zinaukaza msuli, au kwa sababu msuli wenyewe umefupika baada ya kukaa umekunjwa kwa muda mrefu. Mkono wa mpimaji huhisi ukinzani tu. Lakini tiba ni tofauti: wa kwanza unaweza kutulizwa kwa dawa, wa pili hausikii dawa, unahitaji kunyooshwa kwa subira ya wiki na miezi, na ukichelewa sana unahitaji upasuaji. Hapa husaidia njia ya Mfaransa Guy Tardieu, iliyoanzia kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Yeye alisisitiza kupima pembe mbili: mahali kiungo kinapokwama kikivutwa haraka, na mahali kinapofika kikivutwa polepole. Pembe hizo zikiwa mbali, neva ndizo zenye kelele, na bado kuna nafasi kubwa ya kufanya kazi. Zikiwa karibu, na zote mbili mbali na kunyooka kamili, msuli umekwisha kufupika. Kipima pembe ni kifaa cha plastiki kama rula mbili zilizounganishwa, si mashine ya kungojewa kutoka Nairobi.

Chukueni mfano wa mama muuza omena aliyepata kiharusi, miaka hamsini na kitu. Wiki ya pili mkono umelegea. Wiki ya sita kiwiko kinakwama kikinyooshwa haraka, lakini polepole kinafika mwisho. Familia inaona anaanza kutembea kwa fimbo, inafurahi, na nauli ya kliniki inahamishiwa karo. Mwezi wa sita anarudi kwa sababu kiganja kinatoa harufu: kucha zimeingia nyamani na haziwezi kukatwa. Sasa kiwiko hakinyooki hata polepole. Kilichobadilika katikati hapo si ubongo. Ni msuli uliokaa umekunjwa miezi minne bila mtu kupima. Wavuvi wa Sio Port hawahitaji kufundishwa methali ya samaki kukunjwa angali mbichi. Hapa kinachotakiwa ni kunyooshwa, lakini ubichi ni ule ule.

Ndiyo maana kupimwa mara moja siku ya kutoka hospitali hakutoshi. Ukazaji mara nyingi huanza katika wiki za mwanzo na unaweza kuendelea kuongezeka kwa miezi kadhaa. Inafaa mgonjwa ashikwe na mtaalamu kabla hajatoka wodini, tena ndani ya mwezi wa kwanza, tena kufikia mwezi wa tatu na wa sita, hata kama anatembea. Mguu ukipona nusu, watu husahau mkono. Asiachwe kwa sababu ya mafanikio ya mguu.

Hata hivyo kaunti hii ilikuwa na watu 893,681 kwa sensa ya 2019, kutoka Teso Kaskazini hadi Bunyala, na wataalamu wa fiziotherapia hawawezi kuwa katika kila boma. Anayemwona mgonjwa kila siku ni bintiye, mkewe, mjukuu wake. Watu hao wasijaribu kile kipimo cha kuvuta kwa kasi. Hicho ni cha mikono iliyofunzwa. Wanachoweza ni kuangalia mambo ambayo tayari wanayafanya. Kwapa linafunguka vya kutosha kuoshwa? Shati linavaliwa kwa dakika ngapi, na je, wiki iliyopita zilikuwa chache? Kiganja kinafunguka kukatwa kucha? Kisigino kinagusa sakafu akisimama? Mguu unatetemeka wenyewe, mapigo ya haraka yanayofuatana, anapouweka chini? Majibu yakiandikwa katika daftari la shule, tarehe pembeni, mtaalamu atapata habari ambayo dakika ishirini za kliniki haziwezi kumpa. Mhudumu wa afya ya jamii akipita, amsomee daftari hilo.

Kunyoosha kwa nyumbani ni jambo jingine, na hilo linaruhusiwa baada ya mtaalamu kuonyesha jinsi ya kufanya. Kufanyike polepole. Kiganja kikifumba, kifundo cha mkono kikunjwe kwanza kidogo kuelekea ndani, na vidole vitalegea vyenyewe. Kisha gumba litolewe nje kwa kushikwa karibu na shina lake, si kwenye ncha. Anayeng'ang'ana kuvifungua vidole kimoja kimoja kwa nguvu anamwamsha mbwa, na anaweza kumvunja mgonjwa. Vivyo hivyo kwa wale wanaokanda kwa mafuta. Kukanda taratibu kunampa mgonjwa faraja na hakuna anayekukataza. Kukanda kwa kuvuta na kupinda mpaka mgonjwa apige kelele hakumwondolei kitu chochote mwilini.

Kuna jambo ambalo hata baadhi ya wahudumu hulisahau. Mkazo ukiongezeka ghafla, ndani ya siku moja au mbili, mara nyingi sababu haiko kwenye mkono. Mwili wa aliyepata kiharusi huenda usiweze kusema panapouma, ukasema kwa kukaza. Kibofu kilichojaa, choo kilichofunga siku nne, maambukizi ya mkojo hasa kwa mwenye mpira, kidonda cha kulalia matakoni, ukucha uliozama, kiatu kinachobana, hata mkunjo wa shuka chini ya paja: kila kimoja kinaweza kuukaza mguu mzima. Mtaalamu akiukuta mkazo umepanda daraja zima, hutafuta mambo hayo kabla ya kuandika dawa. Familia nayo inaweza kuyatafuta kabla ya kukodi pikipiki.

Tena si kila mkazo ni wa kiharusi. Mzee anayetetemeka mkono akiwa amepumzika, na mkono ukikunjwa unakinza sawasawa iwe haraka au polepole, huenda ana ugonjwa wa Parkinson. Aliyeanguka kitandani na sasa hataki nyonga iguswe huenda amevunjika. Kupima ni pamoja na kuyatenga haya.

Kuhusu dawa, yasemwe machache. Zipo za kumeza, kama baklofeni, zinazopunguza mkazo mwili mzima, na kwa hiyo zinaweza kuleta usingizi na kulegeza hata upande ulio mzima. Aliyeanza baklofeni asiikatishe ghafla kwa sababu imeisha; akatafute ushauri kabla ya kidonge cha mwisho, kwa maana kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege. Ipo sindano ya botulinumu inayolegeza msuli mmoja uliochaguliwa kwa miezi michache, ila ni ghali na haipatikani kila mahali. Na kuna wagonjwa ambao hawapaswi kulegezwa hata kidogo. Mguu uliokaza unaweza kuwa ndio nguzo anayosimamia mtu kwenda chooni. Ukiulegeza ili nambari kwenye kadi ipendeze, umemketisha chini. Kwa sababu hiyo swali la mtaalamu lisiwe tu mkazo ni wa daraja gani, bali mkazo huu unamzuia mtu huyu kufanya nini, na unamsaidia kufanya nini. Mgonjwa mwenyewe ndiye mwenye majibu, hata kama ulimi wake ni mzito na anahitaji kusubiriwa. Wasimjibie.

Upimaji huu hufanywa katika idara za fiziotherapia, ikiwemo ile ya Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia mjini. Wakazi wa hapa wanaotibiwa Holy Family Nangina waulize pale pale hospitalini kabla ya kutoka wodini. Waliojisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, waende na kitambulisho na waulize mapema ni huduma zipi zinazolipiwa, ili nauli isipotee bure.

Kwa wanaoishi mpakani, watu huugua popote wanapokuwa. Yupo aliyepatwa akiwa sokoni upande wa Uganda akalazwa Masafu au Tororo, na yupo dereva aliyepatwa kwenye foleni ya Malaba. Akirudi nyumbani, karatasi zake huachwa au hufungwa kwenye begi zisionekane tena. Kadi ya kutoka hospitali iletwe, hata kama imechakaa, hata kama ni ya nchi nyingine. Ikiwa ndani yake kuna nambari ya mkazo ya wiki ya kwanza, mtaalamu wa Busia ataweza kulinganisha badala ya kuanza upya. Iletwe pamoja na dawa zote ndani ya mfuko wake, viatu anavyovaa mgonjwa kila siku, na lile daftari. Aje na mtu anayemwogesha, si mwenye gari peke yake.

Asingoje siku ya kliniki yule ambaye uso wake umepinda upya, au maneno yamekwama, au upande mwingine umeishiwa nguvu. Hicho kinaweza kuwa kiharusi cha pili, na saa zinahesabika. Vilevile mguu uliovimba na kuwa na joto upande mmoja, au homa pamoja na mkazo ulioongezeka ghafla, apelekwe siku hiyo hiyo. Maswali yenu yanakaribishwa sasa, na wenye wagonjwa nyumbani waanze.